Baharia Nyuma ya Kaunta

Adhana ya adhuhuri ilimkuta Rukaya ameshafunga hotipoti ndani ya kitambaa, ushungi kichwani, anatafuta kiatu cha pili. Shangazi yake Kudra, aliyekuwa mkekani anachambua mchele, alimtazama akaguna.

"Baba yako hata kutawadha hajaanza, wewe chakula kiko mlangoni."

"Kitapoa, shangazi."

"Cha kwenye hotipoti hakipoi. Haya nenda, ila usikae huko utadhani umeajiriwa."

Rukaya akaenda, na wala hakwenda taratibu. Waliowahi kupenda wanaijua hesabu hii. Mzee Abdulhamidi, baba yake, alikuwa akisikia adhana anavuka barabara kwenda msikitini, anaswali, anasalimiana na wenzake uani, wanaulizana bei ya vitunguu na habari za mvua, ndipo anarudi. Muda huo wote duka lake la vifaa vya ujenzi pale Utemini, mjini Singida, lilibaki na mtu mmoja tu nyuma ya kaunta, na mtu huyo ndiye aliyemposa Rukaya. Desturi ya nyumbani kwao ilikataza binti aliyeposwa kuonana na mchumba wake mpaka siku ya ndoa. Lakini desturi hiyo haikuwahi kusema lolote kuhusu kumpelekea mtu chakula kazini, tena mchana kweupe, tena mlango ukiwa wazi kwa kila apitaye. Rukaya aliigeuzageuza sheria hiyo siku nzima, akaona haina pa kumnasa, ndipo akaanza kubeba hotipoti.

Alimkuta Ahmadi amekaa kwenye stuli ndefu, gongo lake la kutembelea limeegemea pipa la misumari, anamkatia mteja waya wa kufungia nondo. Mguu wake wa kulia ulipooza kwa polio kabla hajajifunza kutembea. Kwa kuwa mikono na mabega yalifanya kazi ya mguu huo miaka yote, yalikuwa mabega ya kumfanya binti wa watu asahau alichotumwa. Rukaya alisubiri mteja aondoke, na katika kusubiri huko hakutazama waya.

"Umechelewa leo," Ahmadi alisema mteja alipotoka.

"Baba hajafika hata msikitini."

"Kwangu mimi umechelewa."

Rukaya akajifanya hakusikia, akafungua kitambaa. "Ugali wa uwele na mlenda. Na kipapatio cha kuku, ila usiulize kimetoka sahani ya nani."

Ahmadi akanawa, akakata tonge. Nje upepo wa Singida ulikuwa kwenye kazi yake ya kila siku, unasukuma vumbi na mifuko ya plastiki barabarani, unapigisha mabati ya kibanda cha fundi baiskeli. Ghafla mkono wa Ahmadi ukasimama katikati ya sahani na mdomo. Alikuwa anatazama juu, kwenye vilele vya miarobaini ya ng'ambo.

"Funika chakula," akasema. "Upepo utageuka sasa hivi. Utatokea upande wa ziwani."

Rukaya akafunika. Hata hajamaliza, upepo ukageuka kweli, vumbi likaingia dukani, kipande cha gunia mlangoni kikalala upande wa pili. Ahmadi alitabasamu, macho yake yakawaka, akawa yule kijana aliyeingia dukani humo mwaka jana kununua kamba, akaivuta, akaipinda, akainusa, kisha akamwambia Rukaya kwamba kamba ni mbovu ila muuzaji ni mzuri. Halafu tabasamu likamtoka taratibu. Akarudi kwenye tonge lake akiwa ameinamisha kichwa.

Siku za karibuni Rukaya alikuwa ameliona tabasamu hilo likiondoka mara nyingi, na kila likiondoka kitu kilimchoma.

Ahmadi hakuwa mtu wa duka. Alizaliwa kijijini ng'ambo ya Ziwa Singidani, akapelekwa Dar es Salaam kujifunza kushona viatu pamoja na vijana wengine walemavu. Mkono wake ulikuwa mzuri kwenye sindano nene, watu wa klabu moja ya mashua wakamchukua awashonee matanga yao yaliyochanika. Siku moja chombo kikapungukiwa mtu, wakamwambia mshona matanga apande kujazia nafasi. Alipanda, na hakushuka tena. Kumbe yako mashindano ya mashua ya walemavu, mataifa kwa mataifa, watu watatu kwa chombo kimoja. Ahmadi akawa ndiye ashikaye usukani, na wenzake wawili, Laurenti na Paulo, wakishughulikia matanga. Mwaka uliopita walikwenda Afrika Kusini wakashika nafasi ya tatu. Habari ilipofika Singida, nusu ya mji ilikataa kuamini. Baharia wa Singida, wapi na wapi? Huku mtu anajua mtama, alizeti na kuku.

Sasa yalikuwa yanakuja mashindano ya dunia, huko Ulaya. Wenzake walikuwa wanaondoka Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na nahodha wao alikuwa Utemini anakata waya.

Aliyaacha mwenyewe, ndivyo Rukaya alivyoamini. Aliyaacha kwa ajili yake. Siku ya posa Mzee Mughwai, baba mdogo wa Ahmadi, alikuja na wazee wawili, wakakaa sebuleni. Rukaya na shangazi Kudra walikuwa nyuma ya pazia, masikio yamesimama. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka Mzee Abdulhamidi alipouliza, "Na haya mambo ya mashua, kijana wenu?" Mzee Mughwai hakungoja hata swali limalizike. "Ataacha hayo," alisema. "Akishaoa anaacha, anatulia hapa hapa." Baba akashukuru Mungu. Kisha shangazi Kudra akamgeukia Rukaya, akauliza kwa sauti ya kusikika sebuleni: "Umeyasikia yote yaliyosemwa. Unakubali?"

Binti aliyelelewa hajibu swali hilo. Huinamisha uso akanyamaza, na kimya chake hupelekwa sebuleni kama ndiyo. Rukaya alimtaka Ahmadi kwa moyo wote. Hakutaka aache mashua. Lakini kimya hakina nusu, hakuna namna ya kunyamazia hili ukasemea lile. Akanyamaza. Shangazi akapiga kigelegele, wazee wakaomba dua, mambo yakaisha. Na sitakuficha, baadaye Rukaya alijisikia mtu mkubwa kidogo. Si kila msichana anaachiwa bahari.

Ukubwa huo ulikuwa umeanza kumwisha.

"Unaukumbuka," alisema.

"Nini?"

"Usijifanye. Upepo."

"Nitaukumbukaje nao uko hapa hapa? Kutwa unanilisha vumbi."

"Ahmadi."

Ahmadi akaweka tonge chini. Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Jana Laurenti kapiga simu hapa dukani," akasema.

"Anasemaje?"

"Anasalimia."

"Mtu apige simu kutoka Dar mpaka Singida kwa ajili ya kusalimia tu?"

"Alitaka kujua kama nimebadili mawazo. Nikamwambia sijabadili. Nimeshaahidi."

"Umemwahidi nani?"

Ahmadi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe."

Rukaya alihisi kama amekanyaga ngazi ambayo haipo. "Mimi?"

"Baba mdogo ndiye aliyenirudishia majibu. Aliniambia, binti mwenyewe kaisikia habari ya mashua, kaulizwa mbele ya watu, kakubali uache. Nikasema basi, kama ni Rukaya anayetaka, yamekwisha. Ningekuwa nimeambiwa ni mzee, ningekuja kumwomba. Ningekuwa nimeambiwa ni shangazi, ningemletea doti ya khanga. Lakini ni wewe."

"Mimi sikusema kitu."

"Najua. Ulinyamaza."

"Nilikunyamazia wewe, Ahmadi. Nilikuwa nakukubali wewe. Habari ya kuacha si ulimtuma Mzee Mughwai aje aiseme?"

"Nimtume? Nilimtuma aje akuombe wewe tu. Hayo mengine kayaokota njiani."

Wakatazamana. Rukaya akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya mfuko wa saruji bila kujali gauni. Alitaka kumkasirikia Mzee Mughwai, akamkasirikia, lakini haikutosha. Akamkasirikia na huyu aliyekuwa mbele yake.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza wapi? Nimekatazwa hata kukuona. Na ulipoanza kuniletea chakula, unakuja unacheka. Nikajua umefurahi nimeacha."

"Nilikuwa nacheka kwa kukuona wewe. Nakuta umekaa hapo unapima misumari, nikajua mwenyewe umependa."

"Kuna mtu anaweza kupenda kupima misumari?"

Hapo Rukaya akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa ncha ya ushungi. Ahmadi alinyoosha mkono juu ya kaunta, akakumbuka mlango uko wazi, akaurudisha. Alimtazama tu. Kwa yule anayetazamwa vile, mkono usingeongeza kitu.

"Si watamtafuta mwingine?" Rukaya aliuliza alipotulia. "Wa kushika usukani?"

"Hawana."

"Nchi nzima?"

Ahmadi akasogeza sahani pembeni. "Sikutaka ulijue hili. Kule daktari anatupima, kila mmoja anapewa alama. Ulemavu ukiwa mwingi, alama zinakuwa chache. Watu watatu wa chombo kimoja mkijumlisha alama zenu, msipite kiwango. Laurenti hana mkono mmoja, lakini yuko imara, alama zake nyingi. Paulo haoni vizuri, naye alama zake nyingi. Mwenye alama chache ni mimi. Mwalimu kajaribu wengine. Kila anayemwingiza, wanapita kiwango, na mkipita kiwango chombo hakiruhusiwi kuanza."

"Kwa hiyo wewe usipokwenda..."

"Hakuna anayekwenda."

Rukaya aliutazama mguu ule uliokuwa unaning'inia kwenye stuli. Tangu siku ya posa mguu huo ulikuwa umezungumzwa kuliko mahari. Shangazi aliuliza atabebaje gunia la mtama. Jirani aliuliza, kwa upole wenye sumu, kama watoto watazaliwa wazima. Rukaya mwenyewe alijizoeza kusema "mguu si kitu," na akaona amesema maneno makubwa. Kumbe kuna mahali duniani ambapo wanaume watatu hawawezi kuanza safari bila mguu huo. Alimpenda Ahmadi wakati huo kuliko siku zote, na aliona aibu kwamba alikuwa karibu kumnyang'anya mahali hapo kwa kunyamaza tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema niende kwa kunionea huruma. Na mimi niliyetaka kuacha kwa ajili yako, nisingekuwa nimeacha kitu."

"Nitamwambia baba."

"Usimwambie."

"Akirudi tu namwambia."

"Rukaya, nisikilize." Sauti yake ilishuka. "Baba yako hana mtoto wa kiume. Kanipokea hapa, kanifundisha bei, juzi kaniambia nikishazoea yeye atapumzika. Nikimgeuka sasa ataona nimemchezea. Atavunja posa. Nitafika Ulaya, sawa, nikirudi nikukute umeolewa na muuza alizeti wa Shelui. Nimeshapima. Nimechagua wewe. Niache na uchaguzi wangu."

"Umechagua kabla hujajua kwamba unaweza kupata vyote viwili."

"Na nikikosa vyote viwili?"

Rukaya alitazama ng'ambo, kwenye msikiti. Aliogopa, na hofu hiyo ilikuwa halali. Baba yake alikuwa mpole, lakini mpole wa wafanyabiashara, anayekuchekea huku akifunga kitabu. Akishasema basi, inakuwa basi. Alikuwa bado anatazama ng'ambo alipoona kofia ya baba yake inavuka barabara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado uko hapa?" Mzee Abdulhamidi aliingia akijipangusa vumbi. Ahmadi alikuwa ameshavuta gongo na kusimama, naye akaamkia. Mzee akaitikia, akatazama chakula ambacho hakijaliwa, akamtazama binti yake aliyekaa juu ya saruji na macho mekundu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee," Ahmadi alisema.

"Kipo, baba," Rukaya akasema. Akasimama. "Siku ya posa nilinyamaza."

"Ndiyo. Tukapokea kimya chako, tukashukuru."

"Nilikuwa namkubali Ahmadi. Sikuwa nakubali aache mashua."

"Mwanangu, kunyamaza ndiyo kukubali. Ndivyo tulivyo. Hata mama yako, Mungu amrehemu, alininyamazia hivyo hivyo."

"Mama aliulizwa jambo moja, baba. Mimi niliulizwa mawili kwa mpigo."

Mzee Abdulhamidi akavua kofia, akaikunja, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na mizani. Ahmadi aliinama kama anayesubiri kofi. Barabarani lori la Nzega lilipita, wote watatu wakalisubiri lipite.

"Hebu," mzee akasema hatimaye. "Nani alitaka aache?"

"Si wewe, baba?"

"Mimi niliuliza tu. Mtu anakuja kuoa kwangu, nisiulize kazi yake ikoje? Nilitaka kujua wakishindana huko majini nani anapuliza filimbi. Sijui mambo hayo. Mzee Mughwai akanijibu ataacha. Nikadhani kijana mwenyewe kamtuma, nikaona ni heshima kubwa."

"Mimi sikumtuma, mzee," Ahmadi alisema. "Mimi nilidhani ni Rukaya."

"Na mimi nilidhani ni wewe," Rukaya akamwambia Ahmadi.

Walikuwa watu watatu ambao kila mmoja alikuwa amelinda adabu yake vizuri mno. Rukaya alitegemea baba yake acheke. Hakucheka.

"Ila sitawadanganya," alisema. "Nilifurahi. Duka hili nimelishika tangu enzi za foleni, rafu tupu, mtu anakuja kuuliza bati moja na huna. Sasa kila kitu kipo. Mizigo inakuja kutoka Dubai, watu wanajenga. Na mimi nimechoka, na sina wa kumwachia. Nikaletewa kijana mwaminifu, mwenye mkono mzuri. Mtu akikuletea kitu ulichokuwa unakitafuta, huulizi sana kimetoka wapi."

Ahmadi akatazama sakafu. "Nitabaki, mzee. Sina kinyongo."

"Na mimi je, baba?" Rukaya aliuliza.

"Wewe nini?"

"Usiseme huna wa kumwachia. Mimi nimekulia chini ya kaunta hii. Nilikuwa nalala kwenye maboksi ya vitasa."

"Wewe unaolewa."

"Naolewa Utemini hii hii. Kwani nahamia mwezini? Akiwa safarini nitakuwa hapa. Akirudi tutakuwa wawili."

Mzee Abdulhamidi alimtazama binti yake muda mrefu, akiwa na uso wa mtu anayetafuta miwani na kuambiwa ameivaa. Alikuna ndevu. Kisha akamgeukia Ahmadi.

"Wewe duka hili hulipendi?"

"Nalipenda, mzee. Ila nikiwa hapa macho yangu yanakaa mlangoni."

"Nimeyaona. Hata wateja wameyaona. Juzi mtu kaomba bawaba, umempa komeo." Akaipangusa mizani kwa mkono. "Na chombo kikipinduka huko?"

"Kina chuma kizito chini, mzee, hakipinduki kirahisi. Na tunavaa maboya."

"Chombo sikukiuliza sana. Nakuuliza wewe. Na mguu huo."

Ahmadi akainua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Rukaya alimsikia akiongea kama mtu aliye kwake. "Majini, mzee, sihitaji mguu. Nakaa, nashika usukani, nausikia upepo shingoni. Hakuna anayeniuliza nimepatwa na nini. Nchi kavu ndiyo inanisumbua."

Mzee akavaa kofia yake. Akainuka, akaenda kwenye kona ya kaunta, akavuta simu kubwa nyeusi, akaisogeza mbele ya Ahmadi.

"Huyo Laurenti namba yake unayo kichwani?"

"Ninayo."

"Mwambie unakuja. Basi la kesho alfajiri."

Rukaya alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mzee Abdulhamidi akanyanyua kidole.

"Bado. Nina neno langu, na hili ni langu kweli, nisije nikasingiziwa tena. Simwachii mchumba aende Ulaya. Mchumba akikaa huko wiki nyingi, watu wataanza kuja kunipa pole. Akiondoka mume, ni safari tu. Ndoa tunafunga leo, baada ya alasiri."

"Leo, baba? Hata hina sijapaka."

"Hina na sherehe, akirudi. Ahmadi, una pingamizi?"

Ahmadi aliegemea gongo lake. Akatikisa kichwa.

"Jibu kwa mdomo," mzee akasema. "Katika nyumba hii mambo ya kunyamaza nimeyakoma."

"Sina pingamizi, baba," Ahmadi alisema, na neno baba lilimtoka likiwa limekaa mahali pake.

Shangazi Kudra alipopewa habari alitupa ungo, akakaa chini, akauliza ni harusi gani hii ya kushtukizana, watu watasema nini, na yeye gauni lake bado liko kwa fundi. Aliuliza hivyo huku ameshawasha jiko la pili. Alilalamika wakati anakaanga vitunguu, akalalamika wakati anaosha mchele, na alasiri ilipofika alikuwa amelalamika mpaka likapatikana sufuria la pilau la kulisha nusu ya Utemini.

Mashahidi walikuja nyumbani kabla ya kwenda msikitini, kama ilivyo sheria, kumuuliza bibi harusi kwa masikio yao. Rukaya alikuwa amekaa kitandani, khanga mpya begani, uso umeinama. Shangazi Kudra alikaa ubavuni kwake.

"Rukaya binti Abdulhamidi," mkubwa wao aliuliza, "umeridhia kuozwa kwa Ahmadi, kwa mahari mliyopatana?"

Shangazi akamfinya kidogo, ule mfinyo wa kumkumbusha mwali asiwe na haraka ya kufungua mdomo.

"Nimeridhia," Rukaya akasema, wazi, mpaka walio ukumbini wakasikia. "Yeye na mashua yake."

Mashahidi wakatazamana. Yule mkubwa akakohoa, akasema amesimamia ndoa nyingi Singida hii lakini mashua ni mara ya kwanza, na hajui huko msikitini aifikishe vipi. Akaifikisha hivyo hivyo. Inasemekana Ahmadi aliposikia alifunika uso kwa viganja, na shehe ikabidi amsubiri. Mzee Mughwai naye alikuwepo, amekaa karibu na nguzo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuchangia neno lolote.

Alfajiri ya Ijumaa stendi ilikuwa na baridi na moshi wa chai. Rukaya alibeba begi la mumewe begani, na hakuna aliyemwambia aliache. Alitembea naye bega kwa bega, kwa mwendo wa gongo, hana haja ya hotipoti wala kisingizio. Mke wa mtu anamsindikiza mumewe, nani atauliza? Furaha aliyokuwa nayo ilikuwa tulivu, na hata huzuni ya kuachana ilipokuja, iliikuta imeshakaa.

Mzee Abdulhamidi alimpa mkwewe mkono. "Mabati yanaingia mwisho wa mwezi," alisema. "Mimi na Rukaya tutayapokea. Wewe fanya lililokupeleka." Akasogea pembeni akajifanya anasoma maandishi ya ubavuni mwa basi, akayasoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Yupo nyuma yetu?" Ahmadi alinong'ona.

"Anasoma basi."

Ahmadi akaushika mkono wake, katika mwanga hafifu wa alfajiri, mbele ya stendi nzima. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa kamba na sindano, na kwa kuwa usiku ule kila mmoja alilala kwao, kwa kungoja sherehe, Rukaya alikishika kwa mara ya kwanza, akakijua chote.

"Utanisubiri?" aliuliza Ahmadi.

"Nitakusubiri nikiwa na kazi. Usidhani nitakaa dirishani."

"Na kama nikikaa sana?"

"Nitakuja huko huko. Nitawaambia wanipime na mimi, wanipe alama."

Ahmadi akacheka. Konda akapiga ubavu wa basi, akaita Manyoni, Dodoma, Morogoro, Dar. Ahmadi alishika chuma cha mlangoni, akajivuta juu kwa mikono, mara moja, bila msaada wa mtu, na abiria waliotaka kumshikilia wakabaki wamenyoosha mikono. Akageuka pale ngazini.

"Niombee," alisema.

"Nitaomba. Ukishinda, rudi."

"Na nikishindwa?"

"Hapo urudi upesi zaidi," Rukaya akasema, akampandishia gongo lake.